Kuhuisha Kisichokufa

Ustadh mmoja tunayeswali naye hapa Birmingham, mtu wa Pate, ana swali asilochoka kuniuliza: "Fundi, hivi huo mtaro unawachimbia akina nani?" Nikimwambia silipwi, hutikisa kichwa. Nikimwambia wengi wa wenzangu kule hawafuati dini yoyote, hutikisa zaidi. Hoja yake ni nzito na siidharau. Nguvu za mwili ni amana, na kwa mtu wa umri wangu zilizobaki zinahesabika. Anayechimba kisima, watu watakunywa. Anayejenga msikiti, watu wataswali. Lakini anayekanda udongo na kupanga matofali ili boti ya matembezi ipite mahali ambapo haijapita boti tangu enzi za babu zetu, na hakuna aliyekufa njaa kwa kuikosa, huyo amefanya ibada au amecheza?

Mtaro anaousema ni Mfereji wa Montgomery. Unaanzia Frankton, upande wa Shropshire nchini Uingereza, unavuka mpaka kuingia Wales, unapita mji wa Welshpool na kuelekea Newtown, safari ya zaidi ya kilomita 50. Ulianza kuchimbwa miaka ya 1790, zama ambazo Waingereza walikuwa wameshikwa na homa ya mifereji. Ule wa Bridgewater ulikuwa umefunguliwa mwaka 1761 na kuishusha bei ya makaa ya mawe mjini Manchester, na tangu hapo kila mwenye mali alitaka wa kwake. Farasi mmoja akitembea ukingoni aliweza kuvuta boti ya tani 25, mzigo ambao barabarani ungetaka msafara mzima. Mingi ilichimbwa kwa ajili ya makaa, chuma au pamba. Huu wetu ulichimbwa kwa ajili ya chokaa. Mawe yalivunjwa Llanymynech, yakapakiwa botini, yakashushwa kwenye matanuri yaliyojengwa kandokando ya maji, na chokaa iliyotoka humo ikamwagwa mashambani kupunguza ukali wa udongo.

Hapo ndipo nilipokamatika. Mimi ni mwashi wa Lamu. Chokaa niliijua kabla ya kujua kusoma: mawe ya matumbawe yanapangwa juu ya magogo, yanachomwa mpaka yawe meupe na mepesi, yanamwagiwa maji yakachemka yenyewe bila moto, kisha chokaa inafunikwa na kuachwa iive. Ami yangu aliyenifundisha alikuwa akisema fundi mwenye haraka akauze samaki. Nilipokuja Ulaya nilifanya kazi ya saruji, kwa sababu ndiyo iliyolipa, na ujuzi wa chokaa ukabaki bila kazi. Kisha mhandisi mmoja mstaafu wa mtaani kwangu akasikia kwamba nimetoka mji wa kale uliojengwa kwa matumbawe na chokaa. Akaniambia kuna watu wanautafuta mkono wangu kwenye ukuta wa loki.

Loki ni chumba kilichojengwa ndani ya mfereji kwa mawe au matofali, kina milango mizito ya mbao mbele na nyuma. Boti ikiingia milango hufungwa, maji hufunguliwa yaingie au yatoke kupitia vilango vidogo vya chini, na boti hupanda au kushuka kilima ikibebwa na maji yenyewe. Kuta hizo zilijengwa kwa chokaa, na ukizitia viraka vya saruji unaziharibu. Saruji ni ngumu kuliko tofali la kale. Haikubali ukuta ujongee, inafungia unyevu ndani, na baridi ya Januari ikiugandisha unyevu huo, uso wa tofali hubanduka. Chokaa ina subira. Ukuta ukisogea husogea nao, na ufa mdogo huweza kuuziba yenyewe. Ipo hata chokaa inayoganda ndani ya maji, nayo ndiyo tunayoitumia sehemu za chini.

Mfereji huu haukufa kwa uzee. Reli zilipoenea, kampuni za reli zilinunua mifereji mingi, na mshindani ukishamnunua huna haja ya kumuua, inatosha kutomtibu. Mwaka 1936 ukingo ulibomoka karibu na Frankton, maji yakatoroka, na kampuni ya reli iliyoumiliki haikuuziba. Mwaka 1944 ikapita sheria bungeni ya kuutelekeza rasmi. Baadaye wenye barabara wakasawazisha madaraja ya nundu ili magari yapite bila kuruka, na njia ya boti ikafungwa chini ya lami. Sehemu nyingine maji yalibaki na matete, nyingine zilikauka ng'ombe wakalisha ndani.

Kufikia hapo tayari palikuwa na watu waliokataa kuzika. Mwaka 1946 Robert Aickman na Tom Rolt walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha kutetea mifereji, Inland Waterways Association. Aickman alikuwa mwandishi wa hadithi za mizimu, labda ndiyo maana hakuogopa kukaa na vilivyokufa. Haukupita muda wakagombana, na mwaka 1951 Rolt akafukuzwa chamani. Aickman alitaka kila mfereji uokolewe, hata uliobaki tope tupu. Rolt aliona nguvu zielekezwe kwanza kwenye mifereji iliyokuwa bado ikibeba mizigo, na kwa watu waliokuwa bado wakiishi juu ya maji. Nikiusoma ugomvi wao naona ni swali la ustadh katika vazi lingine. Je, kitu huokolewa kwa sababu kinafaa, au kwa sababu kipo?

Aickman alishinda chamani, na matokeo yake yanaonekana. Mwaka 1964 sehemu ya kusini ya mfereji wa Stratford ilifunguliwa tena baada ya kuchimbuliwa na watu wa kujitolea, askari, na wafungwa wa gereza la Winson Green, hapa hapa Birmingham. Mwaka 1969 ilipopangwa barabara mpya ipite juu ya mfereji wetu mjini Welshpool, watu walikusanyika na mabeleshi mwishoni mwa juma wakauzoa uchafu mbele ya macho ya mji, ili kila mtu aone kwamba chini ya takataka kuna maji. Barabara ikaja kujengwa mahali pengine, na mfereji bado unapita katikati ya mji.

Kazi yenyewe haina fahari. Sehemu kubwa ya mwaka ni kukata miiba, kung'oa visiki, kusukuma toroli kwenye tope linalovua buti mguuni, na kugonga chokaa kuukuu kutoka kwenye matofali ili yatumike tena, moja moja, mpaka kiganja kipoteze hisia. Mafundi wa zamani waliziba sakafu ya mfereji kwa udongo wa mfinyanzi uliokandwa kwa maji na kukanyagwa kwa miguu, hadi ukawa haupitishi tone. Upande wa Crickheath ardhi ni ya mboji laini, inadidimia, kwa hiyo huko tunatandika turubai zito lisilovuja na kulifunika kwa matofali ya zege. Katika kundi wamo mwalimu mstaafu, muuguzi, dereva wa lori, vijana wanaotafuta cheti, na mjane mmoja anayesema ukweli kwamba alikuja kwa sababu nyumba yake ilikuwa kimya mno. Adhuhuri ikifika maji ya chai yakichemka, mimi hutandika mkeka nyuma ya kontena la vifaa. Hawaulizi. Wananiwekea kikombe.

Sasa tuje kwenye hesabu ya ustadh. Nilipomletea hadithi aliyoipokea Ibn Majah kutoka kwa Abu Huraira, inayotaja mambo yanayomfuata muumini baada ya kufa, na miongoni mwake mto aliouchimba ukatiririka, alicheka. "Huo ni mto wa kunywa na kunyweshea, Fundi, si wa kutalii." Na alikuwa na haki. Haja zina daraja. Mwenye kiu hutangulia mwenye hamu, na mtu asiyemhudumia mamake hawezi kujificha nyuma ya mfereji. Mimi ninachopaswa kutuma nyumbani hutuma, na kisima nimechangia. Lakini jasho halitumwi kwa M-Pesa. Jumamosi yangu iko hapa nilipo, na swali linabaki palepale: mwili huu, kwenye ardhi hii, na watu hawa, ufanye nini chenye uzito?

Jibu rahisi ni manufaa. Mfereji uliofunguliwa huleta wageni, maduka hupata wateja, watoto huvua samaki, na Welshpool kwa miaka mingi zimekuwapo boti zinazowatembeza watu wenye ulemavu bila malipo. Yote hayo ni kweli, na siyapuuzi. Ila nikisema kazi ina thamani kwa sababu hiyo, nimeikabidhi kwa mhasibu, na mhasibu anaweza kuniambia kwamba bustani ya michezo ingeleta wageni wengi zaidi kwa gharama ndogo. Tena sitakuwa nimesema kweli juu ya kinachotokea ninapopiga magoti mbele ya ukuta nikitafuta mstari wa fundi aliyeujenga. Pale sifikirii maduka.

Jibu la pili nililipata katika fikihi, na kwa muda lilinipendeza. Wanazuoni wetu wana mlango unaohusu kuhuisha ardhi iliyokufa: ardhi isiyo na mwenyewe wala mtumiaji, mtu akiilima au akiitilia maji, inakuwa yake. Abu Hanifa alishurutisha idhini ya mtawala. Sisi Mashafi hatushurutishi. Nikajiambia kwamba hiki ndicho tukifanyacho: tunahuisha. Tena tunahuisha kwa daraja ya juu zaidi, kwa sababu hakuna kati yetu atakayeandikiwa hata hatua moja ya ukingo. Tunafanya kazi ya mwenye kuhuisha, kisha tunaondoka kama mtu aliyekarabati wakfu. Nilidhani hoja imekamilika.

Ikaja kuvunjwa na ua. Katika maji ya Montgomery yaliyotulia uliota mmea uitwao Luronium natans, wenye majani yanayoelea na maua madogo meupe ya petali tatu, katikati manjano. Ni mmea wa maziwa ya milima ya Wales ulioingia katika mifereji, na sasa umekuwa adimu Ulaya nzima. Mfereji huu ni moja ya makazi yake makubwa, nao unalindwa na sheria. Maana yake, wakati bunge lilipoutangaza mfereji kuwa umetelekezwa, na kampuni ikaufuta katika vitabu vyake, kulikuwa na aliyekuwa akiishi humo. Sisi tuliokuja na mabeleshi tukiimba uhai tulikuwa tunaelekea kuua.

Ukiurudia ule mlango wa fikihi utakuta sharti nililolipita haraka. Ardhi inayohuishwa lazima iwe mfu kweli. Na kuna kitu kinaitwa harimu: kila kisima na kila mto una eneo la haki yake linalouzunguka, ambalo haruhusiwi mtu kulihuisha hata likionekana tupu, kwa sababu kuna wanaolitegemea. Wanazuoni walikuwa wakiwafikiria watu na mifugo yao. Mimi nauliza kama tumekatazwa kulifikiria na ua. Ardhi inayoitwa mfu huitwa hivyo na nani? Mara nyingi na mtu ambaye faida yake imekwisha. Kampuni ya reli iliuona mfereji umekufa kwa sababu haukuingiza pesa. Sisi tuliuona umekufa kwa sababu haukupitisha boti. Tofauti yetu nao ilikuwa ndogo kuliko tulivyopenda kuamini.

Lililofuata ndilo lililonifundisha. Mmea ule haukutaka tuondoke. Boti zikiwa nyingi, mapanga ya injini huukata na tope huuzibia mwanga. Lakini boti zikikosekana kabisa na mfereji usipotunzwa, matete na tope huuzika vilevile. Unataka maji yanayosumbuliwa kidogo. Basi yakafanyika makubaliano ya polepole. Idadi ya boti ikawekewa kikomo, hata leo anayetaka kushuka loki za Frankton huweka nafasi mapema. Pembeni mwa mfereji, kama pale Aston, yakachimbwa maji ya hifadhi ambayo boti haziingii. Watu wa kujitolea waliotaka kufungua njia wakatumia nguvu zao kuchimba mahali ambapo hawatapita kamwe.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Kipini, na kwao kuna mfereji mwingine. Katika karne ya 19 ulichimbwa mfereji wa mkono kuunganisha Mto Tana na Mto Ozi, unaitwa Belezoni, ili vyombo vishuke na mazao bila kuzunguka baharini. Haukuwa mpana. Lakini Tana uliuingia, ukaupanua, mpaka mto mzima ukahamia humo na kuuacha mdomo wake wa zamani. Leo Tana humwagika baharini kwa njia ya Kipini. Bibi alikuwa akisema ukiyafungulia maji mlango usidhani umeyaajiri. Waliochimba Belezoni walitaka njia ya mtumbwi wakapata mto, na waliokuwa wakiutegemea mdomo wa kale wakabaki na mchanga wenye chumvi. Hakuna aliyewauliza, na pengine hakuna aliyejua kwamba palikuwa na la kuuliza.

Kutokana na hayo mawili, ua na mto, nimefikia rai yangu. Thamani ya kazi ya mikono haitoki kwenye ukubwa wa haja inayoitimiza peke yake, wala kwenye kukamilika kwake. Mimi sitauona mfereji huu ukikamilika. Upande wa Wales bado yapo madaraja yaliyofungwa, na daraja la maji linalouvusha mfereji juu ya Mto Vyrnwy lina historia ndefu ya kuvuja tangu lilipojengwa miaka ya 1790. Kazi hupata uzito wa ibada pale inapokubali kuwekewa mpaka na haki ya mwingine, hasa mwingine asiyeweza kukudai. Fundi aliyejenga loki hii amekufa. Hawezi kunishtaki nikijaza saruji, lakini namtii, kwa sababu ukuta wake unajua jambo nisilolijua. Atakayepitisha boti miaka mia ijayo hajazaliwa. Hawezi kunishukuru, lakini nampigia tofali lisimame. Ua halina mdomo wala wakili. Haki tatu hizo zikiuzuia mkono wangu, mkono haumilikiwi tena na matakwa yangu. Sijui jina jingine la hali hiyo linalozidi utumwa mbele ya Mungu.

Kucheza nako si haramu. Lakini mchezo mpaka wake ni furaha ya mchezaji, ikiisha, ameondoka. Kwa hiyo jambo la kupima ni moja: unapoambiwa "hapa usiguse," unafanya nini? Wenzangu wasioswali waliambiwa hivyo kuhusu mmea ambao wengine hata hawakuuona ukichanua, wakalalamika siku mbili tatu kama binadamu, kisha wakahamisha mabeleshi. Nia zao ziko kwa anayezijua. Mimi niliona adabu, na adabu hiyo nimewahi kuikosa kwa watu waliokuwa wakijenga nyumba za ibada juu ya mipaka ya jirani.

Kipimo hiki kina makali, na kinakata nyumbani kuliko ugenini. Lamu iliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2001, na tangu kabla ya hapo matajiri kutoka nje wamekuwa wakinunua majumba ya mawe ya mtaa wa Mkomani. Wengi wamefanya ukarabati mzuri. Wametafuta chokaa iliyoiva, wamerudisha boriti za mikoko, wamesafisha zidaka, wamewalipa mafundi wetu vizuri kuliko walivyowahi kulipwa. Ukuta umetiiwa. Lakini familia zilizouza zimehamia pembezoni mwa mji, na usiku ukipita vichochoro vile utakuta majumba yenye afya yaliyofungwa makufuli yakisubiri msimu wa wageni. Wakati huohuo mwenye nyumba maskini aliyebaki anaikandika yake kwa saruji, ukuta unaumwa, lakini ndani kuna watoto wanadurusu. Kwa miaka mingi mimi, kama fundi, ningemlaumu huyu wa pili na kumsifu wa kwanza. Sasa naona wote wawili wamechukua nusu: mmoja ameheshimu haki ya wafu na kuisahau ya walio hai, mwingine kinyume chake.

Siku hizi hupigiwa simu na watu wanaokarabati kule, wakitaka vipimo vya chokaa na mchanga. Vipimo nawapa. Ila kabla ya hapo nauliza nani anaishi katika nyumba hiyo sasa, na kazi ikiisha ataishi wapi. Wengine hukasirika wakaona nimeingilia yasiyonihusu. Wachache huanza kujibu, na hao ndio ninaokubali kuwafanyia kazi.